Maswali ya Wasomaji: Nakala ya Mchoro Wangu Niiuze kwa Bei Gani?

Barua tatu zilizo hapa chini zimetoka sehemu tatu za pwani, lakini zote zinauliza jambo moja: msanii anayechapa nakala za kazi yake mwenyewe afikie vipi bei ambayo haimpunji yeye wala haimpunji mnunuzi. Barua zenyewe tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyaacha. Hesabu zao tumezitunza kama walivyozileta, kwa kuwa majibu yamejengwa juu yake.

Swali la kwanza

Shikamoo Mshauri. Mimi ni mchoraji wa rangi za akriliki, naishi Bagamoyo. Mwaka jana niliuza mchoro wangu wa wavuvi, wenye ukubwa wa sentimita 60 kwa 80, kwa shilingi 900,000, na mnunuzi akaondoka nao kwenda Ujerumani. Kabla haujaondoka nilimlipa mpiga picha shilingi 80,000 akaupiga vizuri. Watu wengi wameendelea kuuulizia, nami nataka kutoa nakala 50 za ukubwa wa A3, zenye namba na saini yangu. Mchapaji wa Dar es Salaam anatoza 35,000 kwa kila nakala, kwenye karatasi ya pamba. Kwa mwezi nahitaji kama 1,200,000 ili niishi na kununua vifaa. Rafiki yangu ananiambia niuze kila nakala 45,000 ili zitoke haraka. Mwalimu wangu anasema niuze nusu ya bei ya mchoro, yaani 450,000. Je, nina haki ya kuchapa mchoro nilioshauza? Na bei ya haki ni ipi?

Mchoraji, Bagamoyo

Jibu

Marahaba, binti yangu. Nianze na haki, maana bila hiyo hakuna bei ya kuzungumza. Aliyenunua mchoro amenunua turubai na rangi iliyo juu yake, kwa hiyo anaweza kuutundika, kuurithisha au kuuuza tena. Lakini haki ya kuuzalisha mchoro huo imebaki kwako, kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, isipokuwa kama ulimhamishia haki hiyo kwa maandishi. (Kazi iliyoagizwa na mteja, au iliyofanywa na msanii aliyeajiriwa, ina hukumu yake, na mwenye kazi ya namna hiyo asome mkataba wake kabla ya kwenda kwa mchapaji.) Pamoja na hayo, mwandikie mnunuzi wako barua fupi umjulishe kwamba unatoa nakala 50, ndogo kuliko mchoro wake, na kwamba hakutakuwa na nyingine. Humwombi ruhusa, unamheshimu tu. Na kuanzia sasa, kila unapouza mchoro, andika kwenye risiti kwamba haki ya kutoa nakala inabaki kwa msanii.

Sasa tuje kwenye bei. Washauri wako wawili wanakutakia heri, ila wote wameanzia mahali pasipofaa. Rafiki yako ameanzia kwenye haraka. Mwalimu wako ameanzia kwenye bei ya kitu kingine. Turubai lililo moja tu duniani limebeba upekee wake ndani ya bei, na upekee huo huwezi kuukata nusu kisha ukaugawa mara hamsini. Tena kanuni ya nusu, au ya robo, haijui mchapaji anatoza kiasi gani, duka linakata kiasi gani, wala nakala ni ngapi. Ikitokea ikalingana na bei ya haki, imelingana kwa bahati.

Anza na kile kinachotoka mfukoni kwa nakala moja. Mchapaji ni 35,000. Mfuko wa plastiki usio na asidi, kadibodi ngumu ya kuzuia karatasi isikunjike, na cheti kidogo chenye namba ya nakala, nakadiria 6,000. Katika kila nakala kumi, moja itaharibika: itashikwa na kidole chenye mafuta, itakunjika kona, au rangi yake haitakuridhisha na hutakubali kuitia saini, kwa hiyo ongeza sehemu ya kumi ya bei ya mchapaji, ambayo ni 3,500. Kisha kuna gharama zinazolipwa mara moja tu, yaani mpiga picha 80,000 pamoja na nakala mbili za majaribio za kulinganisha rangi ambazo hazitauzwa, 70,000, jumla 150,000. Wengi huigawa jumla hiyo kwa nakala zote 50 na kupata 3,000. Mimi nakusihi uigawe kwa idadi unayoamini kweli kwamba utaiuza katika mwaka wa kwanza, tuseme 20, upate 7,500, kwa sababu fedha uliyokwisha kuitoa unaihitaji irudi mapema ikafanye kazi nyingine, na ukifika nakala ya 21, hizo 7,500 zitakuwa ziada yako halali.

Linafuata jambo ambalo wasanii wengi huliacha kwa unyenyekevu usiowafaidia, nalo ni ujira wao. Sizungumzii hapa kuchora. Nazungumzia kuikagua nakala kwenye mwanga, kuandika namba, kutia saini, kujibu ujumbe wa mteja mara sita kabla hajalipa, kufunga na kupeleka posta. Kazi hiyo haipungui saa mbili kwa nakala. Unahitaji 1,200,000 kwa mwezi; ukiondoa siku za kutafuta vifaa, za kusafiri na za umeme kukatika, saa ambazo kweli unaweza kumtoza mtu hazizidi 120, nazo zikiigawa hiyo 1,200,000 unapata 10,000 kwa saa. Saa mbili ni 20,000.

Jumlisha: 35,000, na 6,000, na 3,500, na 7,500, na 20,000, unapata 72,000. Hiyo ndiyo gharama yako, na bado si bei. Rafiki yako aliyesema 45,000 hajui kwamba hata ukijinyima ujira wote, 52,000 zimekwisha kutoka taslimu, kwa hiyo kila moja ya nakala 20 za kwanza anazokuhimiza uziuze haraka itakupunguzia 7,000. Ukiuza zote hamsini kwa namna hiyo utakuwa na sifa nyingi na deni la mchapaji.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka wasomaji wote walishike, kwa kuwa ndilo linalowaangusha hata wasanii waliozoea soko: sehemu ya duka lazima iwemo ndani ya bei tangu siku ya kwanza, hata kama leo huna duka. Nyumba za sanaa na maduka ya hotelini hukata mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50 ya bei anayolipa mnunuzi. Tuchukue 40. Ukipanga 120,000, duka litachukua 48,000 na wewe utapokea 72,000, ambayo ni gharama yako kamili bila hata shilingi moja ya mchoro wenyewe. Ukipanga 180,000, duka litachukua 72,000, wewe utapokea 108,000, na gharama ikitoka itabaki 36,000 kuwa malipo ya jicho lako na mkono wako. Nakala 50 zikiuzwa zote kupitia maduka, malipo hayo yatafika 1,800,000, mara mbili ya ulichopata kwa turubai. Kwa hiyo jibu langu ni 180,000.

Nakala utakayoiuza mwenyewe itakuachia 108,000 badala ya 36,000, wala usione aibu kuichukua tofauti hiyo, maana siku hiyo wewe ndiye duka: umelipia meza ya maonyesho, nauli ya kwenda Dar es Salaam na kurudi, na bando la kuzungumza na wateja. Kosa litakuwa kuuza nyumbani kwa 110,000 kile kinachouzwa dukani kwa 180,000. Mwenye duka atajua, kwa sababu wateja husemezana, na siku hiyo hiyo atakurudishia kazi zako, naye atakuwa na haki.

Kuhusu 450,000 ya mwalimu wako, nampa heshima yake, kwani anakutetea usijishushe. Lakini mtu anayeweza kutoa fedha hiyo anaweza kusubiri miezi michache akanunua mchoro mdogo wa mkono wako, na hapo nakala itakuwa inashindana na mchoro wako mwenyewe. Nakala zipo kwa ajili ya mtu anayeipenda kazi yako na hawezi kuifikia turubai: mwalimu wa sekondari, muuguzi, kijana aliyepanga chumba chake cha kwanza na hataki ukuta mtupu.

Kuna tatizo moja la kwetu ambalo vitabu vya ushauri vya nje havilitaji. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa juu ya mbao za viwandani, na baada ya kifo chake mwaka 1972 ndugu na wanafunzi wake waliuendeleza mtindo huo hadi ukawa soko kubwa. Leo mnunuzi akipita Oysterbay, Dar es Salaam, anaweza kupata picha ya mtindo huo iliyochorwa kwa mkono kwa bei iliyo chini ya 180,000, kisha atakuja kwako akuulize kwa nini alipe zaidi kwa kitu kilichotoka kwenye mashine. Swali hilo ni la haki na linastahili jibu lisilo na hasira. Mwambie kwamba taswira hii haikuwahi kuchorwa na mtu mwingine, kwamba nakala ni 50 na hazitaongezwa, kwamba karatasi ni ya pamba na wino ni wa pigmenti usiochujuka upesi, na mwonyeshe daftari la mauzo nitakalolieleza hapa chini. Akiona bado ni ghali, usimpunguzie. Mwonyeshe kitu kingine cha bei ndogo, kama utakuwa nacho. Kupatana bei ni desturi yetu na siidharau, lakini nakala yenye namba haifai kuuzwa kwa bei ya kuruka inayosubiri kushushwa, kwa sababu aliyenunua nakala ya 3 kwa 180,000 ana haki ya kujua kwamba aliyenunua ya 30 hakulipa 90,000. Punguzo liwe la wazi kwa kila mtu, kwa mfano anayenunua tatu kwa pamoja, ambaye kweli amekupunguzia kazi ya kufunga na kutuma.

Namba hiyo ya 50 ni ahadi, na sehemu kubwa ya bei inasimama juu yake. Salvador Dalí, mchoraji wa Hispania, katika miaka yake ya mwisho alitia saini maelfu ya karatasi tupu ambazo zilikuja kuchapwa baadaye, na hadi leo chapa zake za kipindi hicho hununuliwa kwa mashaka, hata zile zilizo halali. Kwa hiyo fungua daftari leo: namba ya nakala, tarehe, mnunuzi, bei, mahali ilipo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa mwenye nakala zilizotawanyika maduka matatu neno hilo ni la kufuatwa kama lilivyo. Huna haja ya kuchapa zote 50 kwa mara moja. Chapa kumi, uza, chapa kumi nyingine, mradi faili ni lile lile, mchapaji ni yule yule na karatasi ni ile ile. Juu ya hizo 50, desturi inakuruhusu nakala chache za msanii mwenyewe, kama sehemu ya kumi, yaani tano, ambazo huandikwa A/P (kifupi cha Kiingereza cha "artist's proof", yaani nakala ya msanii) badala ya namba na hazitumiki kuongeza mauzo kwa siri. Mwambie mchapaji aache pambizo nyeupe: mchoro wenye sentimita 27 kwa 36 utakaa vizuri kwenye A3 na kukuachia nafasi chini ya kuandika namba kushoto na saini kulia, kwa penseli.

Swali la pili

Assalaam aleykum, ndugu Mshauri. Mimi huchonga picha kwenye kibao laini cha lino, nikakipaka wino na kuchapa kwa mkono, kwa kusugua karatasi kwa mgongo wa kijiko, hapa Mombasa. Chapa yangu ya jahazi nilitangaza kwamba itakuwa na nakala 30. Nimeuza 12 kwa shilingi 4,000 za Kenya kila moja. Kuchonga kulinichukua kama saa 40, na kila nakala hunichukua dakika 45, pamoja na muda wa zile zinazoharibika. Karatasi na wino ni 500, kufunga ni 150, na ujira wangu najihesabia 600 kwa saa. Duka moja la Mji wa Kale linataka nakala zote zilizobaki kwa mali kauli, na litakata nusu. Je, naweza kupandisha bei katikati ya safari? Pia mteja ananiomba nikimaliza 30 nimchapie nyingine 20 kwa rangi ya buluu. Na wenzangu wanasema chapa hazina faida, nirudi kwenye turubai.

Mchonga lino, Mombasa

Jibu

Wa aleykum salaam, ndugu yangu. Kwanza itambue hadhi ya unachokiuza. Nakala za mwenzako wa Bagamoyo zinatoka kwenye picha ya mchoro uliokwisha kuwepo. Zako hazina mchoro mwingine nyuma yake. Kila karatasi unayoisugua kwa kijiko ndiyo kazi yenyewe ya asili, na jambo hilo lielezwe kwa mnunuzi, liandikwe kwenye cheti, na mwenye duka alijue ili asizichanganye na picha za mashine kwenye kapu moja.

Hesabu yako ni safi, nami nimeifuata. Saa 40 za kuchonga ni 24,000, ukigawa kwa 30 ni 800, dakika 45 ni 450, karatasi na wino 500, kufunga 150, jumla 1,900. Kwa bei ya 4,000 ulipokuwa ukiuza mwenyewe ulibakiwa na 2,100, na ulikuwa sawa. Duka likikata nusu utapokea 2,000 na utabakiwa na 100, yaani utakuwa umemfanyia kazi mwenye duka.

Kupandisha bei katikati inaruhusiwa, na kwa chapa zenye idadi maalumu ni desturi ya siku nyingi: kadiri zinavyobaki chache ndivyo zinavyopanda, na wale 12 wa mwanzo hawajaonewa, kwani walichonunua kimeongezeka thamani mikononi mwao. Kisichoruhusiwa ni kushusha, maana hapo unakuwa umewatia hasara watu waliokuamini mapema. Panda hadi 5,500. Duka likikata nusu utapokea 2,750 na kubakiwa na 850. Ukifanikiwa kuwashusha hadi asilimia 40 utapokea 3,300 na kubakiwa na 1,400. Pigania hiyo 40, na sababu yako ni nzuri: katika mali kauli duka halitoi fedha yake, halifungi mtaji, na kazi isiyouzika inarudi kwako. Anayetaka nusu kamili anunue taslimu, alipe siku anapochukua, na hapo hata mimi nitakushauri umpe. Na kwa chapa yako ijayo tangaza ngazi za bei tangu mwanzo, kwa mfano nakala 10 za kwanza kwa bei moja, 10 za kati kwa nyingine na 10 za mwisho kwa nyingine, ili asiwepo wa kushangaa.

Usitoe zote 18. Toa sita, kwa maandishi yaliyosainiwa na pande zote mbili, yanayotaja namba ya kila nakala, bei ya mnunuzi, sehemu ya duka, siku ya mwezi ambayo utalipwa, muda wa kukaa dukani kabla ya kurudishwa, na kwamba punguzo lolote ambalo mwenye duka atampa mteja bila idhini yako litatoka kwenye sehemu yake mwenyewe. Zaidi ya yote, yaandikwe maneno ya wazi kuhusu nani anabeba hasara. Sisi watu wa pwani tunajua joto la unyevu linavyofanya kwenye karatasi: madoa ya kuvu hutokea ndani ya msimu mmoja wa mvua, na nakala iliyotundikwa kwenye dirisha linalopigwa na jua la mchana hubadilika rangi kabla hujapita kuidai. Nakala ikiharibika ikiwa mikononi mwa duka, duka likulipe sehemu yako kamili. Mwenye duka mwaminifu hatakataa sharti hilo, na akilikataa, nakala zako ziko salama zaidi kwenye sanduku lako la nyumbani.

Kuhusu zile 20 za buluu, nakuomba ukatae. Ulitangaza 30. Kubadili wino hakubadili kibao, na mtu mwenye nakala ya jahazi ukutani atakapoona jahazi lile lile, la buluu, kwa jirani yake, ataona ametiwa changa la macho, hata ukimwandikia kwamba hili ni toleo la pili. Wachapaji wa zamani hawakuwa na mpaka wa namna hii. Walichapa mpaka kibao kikachakaa. Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi, alifariki mwaka 1669, na sahani zake za shaba, alizochonga picha za kuchapa, ziliendelea kuchapwa na watu wengine kwa vizazi baada yake. Leo mkusanyaji analipa zaidi sana kwa chapa iliyotoka msanii akiwa hai kuliko iliyotoka baadaye kwenye sahani ile ile. Idadi yenye mpaka ilizoeleka kuanzia mwishoni mwa karne ya 19, na wanunuzi wa leo wanalipa kwa kuiamini. Ukimaliza ya 30, chora mstari mzito wa kisu kukatiza kibao chako, chapa karatasi moja ya ushahidi na uihifadhi kwenye daftari. Kisha mchongee mteja wako kitu kipya, cha buluu, na umtoze kwa kuanza upya hesabu ile ile.

Na wanaokuambia urudi kwenye turubai, waambie kwamba Albrecht Dürer wa Nürnberg, mchoraji aliyekuwa na sifa Ulaya nzima, alimwandikia tajiri mmoja wa Frankfurt mwaka 1509, baada ya kazi kubwa ya madhabahuni iliyomla muda kuliko ilivyomlipa, kwamba angeshikamana na uchongaji wa chapa angekuwa tajiri zaidi kwa floreni 1,000, fedha ya wakati huo. Mkewe Agnes alikuwa akizipeleka chapa hizo sokoni na kuziuza. Faida ya chapa hutokana na kazi moja kulipwa mara nyingi, na bei ya kila mara ikiwa imepigwa vizuri hakuna sababu ya kuiacha.

Swali la tatu

Mshauri, habari za kazi. Nachora milango na mabaraza ya Mji Mkongwe, Unguja, kwa kalamu na wino, kisha nauza nakala za A4 zisizo na namba wala kikomo. Kuchapa ni shilingi 9,000, na kufunga 3,000. Wageni nawauzia dola 25, wenyeji shilingi 20,000. Juzi mgeni alinisikia nikimtajia mwenyeji bei yake, akakasirika mbele ya watu. Nifanye nini?

Mchoraji, Unguja

Jibu

Nzuri, ndugu yangu. La sheria kwanza: kanuni zilizotolewa mwezi Machi 2025 chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania zinakataza kutangaza bei na kupokea malipo kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi. Kibandiko cha dola 25 kiondolewe bila kungoja.

Kisha tazama hizo 20,000 za mwenyeji. Kuchapa na kufunga ni 12,000, na nusu saa yako, tukikuhesabia 10,000 kwa saa kama mwenzako wa Bagamoyo, ni 5,000, jumla 17,000. Unabakiwa na 3,000, na duka lolote likikata asilimia 40 utapokea 12,000 na kuingia hasara. Hiyo haikuwa bei ya mwenyeji. Ilikuwa bei isiyojitosheleza iliyokuwa ikibebwa na mgeni bila yeye kuambiwa, na ndiyo sababu alikasirika alipoigundua. Nia yako ya kutaka watu wa kwetu waweze kuwa na kazi yako majumbani mwao naiheshimu kabisa, lakini itimize kwa kitu tofauti, si kwa bei mbili za kitu kimoja.

Panga 40,000 kwa kila mtu. Duka likichukua 16,000 utabakiwa na 24,000, na gharama ikitoka, 7,000 ni za mchoro. Ukiuza mwenyewe barazani ni 23,000. Pembeni yake toa kadi za posta za mlango ule ule, zichapwe kwa wingi kwenye karatasi ya kawaida, ziuzwe 3,000 kwa mwenyeji na mgeni sawasawa, na utaona wanafunzi na akina mama wanaopita dukani wakizinunua bila kuulizana nani ni nani. Ukitaka kuwapunguzia walimu au wanafunzi wa sanaa, andika hilo kwenye ubao mahali ambapo hata mgeni ataweza kulisoma. Nakala zako zisizo na kikomo usiziwekee namba hata mteja akikuomba, kwa kuwa namba bila kikomo inamwambia jambo lisilo kweli, saini inatosha. Bei mpya ianze siku moja kila mahali, na nakala zilizokwisha kuwa hotelini zibadilishiwe vibandiko siku hiyo hiyo, kabla hujafungua meza yako asubuhi.